Fyuzi ya Taa Ndogo

3 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na goti la mama limetulia. Mimi huku sijambo, ila mikono imejaa mikwaruzo, maana wiki nzima nimeshinda kichwa chini miguu juu kwenye dashibodi za watu.

Mama aliniambia kwenye simu kuwa gari lako limegongwa ubavu wa kushoto likiwa limeegeshwa, na aliyegonga ametoweka bila hata pole. Akaniambia pia kuwa mwalimu mkuu amekuonya: gari likionekana na jeraha jingine, shule itawatafutia watoto unaowabeba dereva mwingine. Hilo limeniuma kuliko lile bati. Najua ukinyang'anywa wale watoto utakaa nyumbani umhesabie mama vijiko vya sukari, na yeye atakufukuza.

Kwa hiyo nimekutafutia shahidi. Dereva wa basi la asubuhi atakupa kifurushi. Ndani kuna kamera ya kubandika kwenye kioo cha mbele pamoja na waya zake. Ikifungwa sawasawa itarekodi barabara unapoendesha, na hata ukiegesha gari ukaenda zako yenyewe itabaki macho. Huyo bwana akirudi tutamwona mpaka meno, na mwalimu mkuu ataonyeshwa nani mkosaji.

Ningekuja kuifunga mwenyewe, lakini bosi amepokea magari ya kampuni nzima, yote yanataka kamera, na ruhusa hakuna mpaka yaishe. Mpelekee fundi wa pale kona, nitamwelekeza kwa simu.

Msalimie mama, na hao watoto wa shule, wajukuu wako wa kelele.

Mwanao,
Fundi


6 Februari

Mwanangu Fundi, marahaba.

Sisi hatujambo. Goti la mama yako linauma likitumwa dukani, likialikwa mahali halina neno. Nashukuru kusikia u mzima. Hiyo mikwaruzo ndiyo cheti chako, usiione aibu.

Kifurushi kimefika. Fundi wa kona simpelekei. Mara ya mwisho alinifungia redio, na tangu siku hiyo nikikata kona kulia honi inalia yenyewe, watu wananipisha kama nimebeba waziri. Mimi nimeendesha tangu hujazaliwa. Balbu nimebadilisha, fyuzi nimebadilisha, betri nimebeba kifuani kama mtoto mchanga. Waya tatu zinishinde leo?

Niandikie hatua zote kwenye karatasi. Usinipigie simu. Simu ni ya misiba na ya watu wasio na subira, ukishakata maneno yamekwenda. Karatasi nitaibandika kwenye usukani nifanye kazi huku naisoma. Ila andika herufi kubwa, hiyo kalamu yako ni nyembamba mno.

Mama yako anauliza kama kamera itamwona akipita mbele ya gari, ili ajue cha kuvaa.

Baba yako


9 Februari

Baba, shikamoo.

Mwambie mama kamera inapenda rangi zote, ila asipite na kanga ya kulalia. Huku salama, ila bosi analalamika kuwa nimemaliza karatasi zake, maana kwa herufi hizi kila sentensi inakula ukurasa.

Haya, sikiliza. Kabla hujagusa chochote, toa kichwa cha betri, kile hasi. Usinijibu kwamba umezoea. Kamera ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, isikuzibe macho. Waya upitishe juu, kwenye ukingo wa dari, uusukume ndani kwa kidole mpaka usionekane, kisha ushuke nao nguzo ya mbele. Kwenye hiyo nguzo kuwa mwangalifu, magari mengine yameficha puto la ajali humo. Pitisha waya nyuma yake, sio mbele yake, la sivyo siku ya ajali litakurushia kava usoni.

Chini ya usukani kuna sanduku la fyuzi. Waya mweusi ufunge kwenye bodi, bolti yoyote iliyogusa chuma kisicho na rangi. Mwekundu unataka fyuzi ambayo inapata moto, yaani umeme, ukizungusha funguo tu. Wa njano unataka fyuzi yenye moto wakati wote, hata gari limezimwa, huo ndio unaoilisha kamera ukiegesha. Utazijua kwa testa niliyoweka kwenye kifurushi: rudisha kichwa cha betri kwa muda, gusa, ikiwaka kuna moto. Hizo ni fyuzi mbili tofauti, baba. Mbili. Na usiogope betri, kile kiboksi cheusi kilichoungwa kwenye waya kitakata chenyewe moto ukipungua.

Ukimaliza niambie umechagua zipi, nikague kazi yako kama ulivyokuwa ukikagua daftari langu.

Mwanao,
Fundi


20 Februari

Mwanangu Fundi, marahaba.

Tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua imechelewa kwa sababu fundi mkuu wa nyumba hii alikuwa kazini.

Nimefunga. Dari limenitoa jasho, lakini sasa hata wewe ukija hutaona waya umepita wapi. Mama yako alinishikia tochi, na kazi yake nyingine ilikuwa kuniambia kuwa nitaliharibu gari. Sikuliharibu. Kamera ikaniimbia kawimbo kadogo ilipowaka, nami nikaiitikia.

Kuna jambo moja. Fyuzi mbili nimeziona ni ubadhirifu. Nafasi ni finyu na vidole vyangu si vya mtoto, nikazisokota ule mwekundu na wa njano pamoja nikazipeleka kwenye fyuzi moja. Testa iliwaka vizuri sana. Ni ile ya kahawia, safu ya chini kabisa, ya pili kutoka mlangoni. Kwenye kifuniko kuna vijipicha vya kuonyesha kila fyuzi ni ya nini, lakini vimefutika, havisomeki.

Sasa kamera inafanya kazi nusu. Nikiendesha inarekodi vizuri, asubuhi nikipeleka watoto, mchana nikienda mjini, jioni nikirudi. Haijawahi kukosa. Nikiegesha tu na kuzima kila kitu, nayo inakufa. Kwa hiyo huyo bwana akija kunigonga tena hatutamwona hata kisigino. Nakutumia kadi yake ya kuhifadhi picha ujionee, labda umeniuzia kamera mgonjwa.

Watoto wameipenda. Wakishapanda wanaipungia mkono, ingawa nimewaambia inatazama mbele.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi, nikamsihi akupe mkononi leo hii. Nilikuwa tayari nimeshika simu, nikajua ungenitania mpaka nisahau nilichokupigia.

Kwanza kamera. Hapa gereji tuna gari kama lako, nimekwenda nikafungua sanduku lake. Safu ya chini, ya pili kutoka mlangoni, ya kahawia. Kwenye kifuniko vijipicha havijafutika, na cha fyuzi hii ni picha ya taa. Hiyo ni fyuzi ya taa ndogo, zile za pembeni na za nyuma zinazowaka kila unapowasha taa za gari. Nimeweka testa, nikazungusha funguo: hakuna moto. Nikawasha injini: hakuna. Nikawasha taa: moto. Nikazima taa, ukakatika. Maana yake kamera yako inaishi pale tu taa zinapowaka. Ulipopima taa zilikuwa zimewashwa, fyuzi ikakudanganya. Nilicheka peke yangu, nikasema mzee huyu na ubahili wake wa fyuzi, kuhamisha waya mbili si kazi.

Kisha kicheko kikakatika. Uliniandikia kuwa inarekodi asubuhi, mchana na jioni, haijawahi kukosa. Nikatazama kadi. Saa sita mchana, jua limewaka mpaka lami inameta, na inarekodi. Haiwezi kurekodi kama taa hazijawashwa. Kila siku, baba. Kila safari.

Nikairudia kadi, sasa si kwa jicho la fundi. Kuna mtu wa baiskeli upande wako wa kushoto, pale kwenye duka la vioo. Hukupunguza mwendo. Yeye ndiye aliyejitupa pembeni, na sauti yake imo akipiga kelele. Nyuma watoto wanaimba. Wewe unaimba nao. Hukumwona kabisa.

Nilikaa kwenye kiti cha lile gari nikalia, bosi akaja mbio akidhani nimepigwa shoti.

Baba, kwa nini unawasha taa mchana kweupe? Nimempigia mama. Akasema nikuulize mwenyewe. Nakuuliza. Na kabla hujanijibu nakuomba, kwa magoti, usiwapakie watoto. Najua ninachokuomba. Najua bila wao siku yako haina mwanzo. Lakini mmoja wao akiumia, hutapona, na mimi pia sitapona, kwa sababu sasa najua.

Hasira zako zilete kwangu, nitazipokea.

Mwanao


7 Machi

Baba, shikamoo.

Kimya chako kinaniumiza. Mama kwenye simu anasema upo, unakula, huongei, na zaidi ya hapo hasemi. Dereva wa basi anaapa alikupa barua mkononi nje ya shule.

Nimemwambia bosi magari yake yatanisubiri. Jumamosi nakuja. Kama hutaki kuniona, nitakaa jikoni na mama, lakini nakuja.

Mwanao


8 Machi

Mwanangu, marahaba, na ya barua ile nyingine pia.

Sisi wazima kwa kadiri. Usikae jikoni, mama yako atakumenyesha vitunguu.

Umeuliza kwa nini nawasha taa mchana. Siwashi ili nione. Nawasha ili wanione wao, wanipishe, kwa kuwa mimi siwaoni mpaka wawe wamefika. Ilianza kama ukungu upande wa kushoto. Nikadhani ni kioo, nikakisugua kila asubuhi mpaka jirani akauliza kama gari linaolewa. Kisha na jicho la kulia likafuata. Sikumwambia mtu. Mama yako alihisi, nikamfokea. Niliogopa, mwanangu, neno ni hilo. Niliogopa kuwa mzee wa kukaa barazani na kuulizwa kama nimekula.

Na hakuna mtu aliyenigonga. Nilimwambia mama yako kitu nilichokiamini, lakini juzi mama yako alinishika mkono akaupeleka kwenye nguzo ya lango letu. Rangi ya gari imo, na bonde la kutosha ngumi. Umenitumia kamera kumkamata mwizi, mwizi akawa mimi.

Barua yako nilipewa saa ya watoto kutoka. Niliisomea hapo hapo kwenye lango la shule nimeiinua juani. Nikakasirika. Nikasema huyu niliyemfundisha kushika bisibisi leo anataka kuninyang'anya usukani. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, na nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa sitakujibu na kesho nitaendesha kama jana.

Watoto wakatoka, wakapanda, wakafunga mlango. Nikashika funguo, nikageuka kuwahesabu. Siku zote nawahesabu kwa nyuso, huyu yupo, yule yupo, ndipo naondoka. Sikuweza. Niliona sare tu, rangi moja kutoka dirisha mpaka dirisha. Na hapo nikajua kwamba si siku ile tu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwauliza "mmetimia?" na wao wanaitikia, nami naondoka kwa kuwaamini.

Nikawashusha. Nikampelekea mwalimu mkuu funguo, nikamwambia kila kitu, hata cha ukungu. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Kisha nikawapeleka watoto makwao kwa miguu, tumeshikana mikono kama mnyororo, mwenye jicho zima mbele. Nyumba ya mwisho tulifika giza linaingia. Mzazi mmoja alinisema maneno makali nami nikayapokea, ni haki yake.

Tangu siku ile nimekuwa na hasira, kisha aibu, na vyote viwili havishiki kalamu. Jana mama yako alinivuta kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, pande zote. Anasema linatolewa, nitaona. Kama nitarudi barabarani na watoto, hilo hakuniahidi, nami sikumuuliza mara mbili. Wamekwisha kupata dereva mwingine, mwanamke, anaendesha taratibu. Gari langu bado liko nje ya shule. Jumamosi ukachukue funguo ulilete nyumbani.

Siku ile tukitembea, yule mdogo kuliko wote, ambaye nilikuwa nimemshika mkono, aliniuliza, "Babu, gari limeharibika?" Nikamwambia gari halina ubovu wowote, anayepelekwa gereji ni dereva.

Baba yako