Mahali Yangu Ilizama

Nyamisisi, Geita
9 Juni 2024

Kwako dada yangu Rebeka, Mama Loveness,

Salamu nyingi zikufikie huko Rwamgasa, wewe na Loveness na baba yake. Kile kifua kilichokusumbua msibani natumaini kimeshatulia. Na duka la vitenge linaendaje? Nasikia wachimbaji wakibahatika wake zao hawaulizi bei, basi Mungu awazidishie. Mimi huku nina afya ya mwili tu, ya moyo usiniulize.

Utashangaa nakuandikia barua kama watu wa zamani ilhali namba yako ninayo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, ukapokea, nikaishia kukuuliza kama huko mvua imenyesha. Mtu mzima mimi! Basi nimeona niandike, maana karatasi haina kitufe cha kukata.

Unakumbuka kijitabu changu cha historia ya bandari kilivyoanza. Mkuu wa shule alitaka wanafunzi wajue kwamba huu mji wetu wa dagaa na vumbi uliwahi kuwa mji wa meli. Nilizunguka miezi minne. Nilipima gati kwa hatua zangu, nikaingia ghala la pamba ambamo sasa wanalala mbuzi, na Mzee Thobias aliyekuwa kuli akanionyesha pete za chuma walizokuwa wakifungia matishari. Nilifurahi mno, Rebeka, nikajiona mtafiti kweli. Ndipo uliponiambia nikamwone mama yako, kwa kuwa alikulia pale pale forodhani.

Mama Asteria alinipokea kwa uji na utani. Alisema sisi watu wa Bukoba tunaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Tukatembea hadi gatini, mimi nikimrekodi kwa simu. Akanyoosha mkono majini akasema kwamba mahali yake ilizama pale. Niliporudi nyumbani nikamsahihisha, mimi mwalimu wa Kiswahili, yule mliyemwita Bakita chuoni. Nikaandika: mahali pangu palizama hapa. Nikaongeza maelezo yangu kwamba ziwa lilijaa likameza kiwanja cha kwao. Na ng'ombe kumi na wawili aliowataja nikawapeleka sura ya mizigo, katikati ya pamba na chumvi.

Siku ya uzinduzi nilipigiwa vigelegele hadi nikaona haya. Mama alikuwepo, akaniambia wabeja sana, asante ya lugha yenu, ingawa kusoma hakujua.

Ya msiba wa mama unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaseme. Baba yako mdogo Athanas alisema mama hawezi kulazwa kando ya marehemu baba yako Mayala kwa sababu hakutolewa mahari. Alisema ng'ombe walizama kabla hawajakabidhiwa, na babu yako Ngusa mwenyewe, baba yake mama, aliapa hajapokea hata kwato. Wewe ukasimama ukasema mama alishamweleza mwalimu Agnetha kila kitu, na maneno yake yamechapwa. Ukawapa kijitabu. Kikasomwa mbele ya ukoo mzima: kiwanja, maji kujaa, basi. Athanas akakifunga akakurudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniua. Mama tukamzika makaburi ya kata, kule karibu na barabara. Halafu wewe ukanikumbatia mimi, ukanishukuru kwamba angalau nilimwandika.

Rebeka, nilikuwa najua.

Wiki moja baada ya uzinduzi niliisikiliza tena ile rekodi nikijifurahisha tu. Ninyi wenyeji wa huku mnavyobadilishana l na r unajua, nimewakosoa wanafunzi wangapi kwa hilo! Mama hakusema mahali. Alisema mahari. Mahari yangu ilizama hapa. Sentensi yake ilikuwa safi tangu mwanzo, sikio langu ndilo lililokuwa na kosa. Anaeleza wazi kwamba baba yake aliwapokea ng'ombe wote kumi na wawili pale gatini, akawaswaga kwa fimbo yake mwenyewe, akawapandisha tishari awavushe ng'ambo kwenye malisho yake. Tishari likapinduka. Kesho yake akakana kwamba aliwapokea, ili alipwe tena. Mama anasema Thobias alikuwepo, ndiye aliyeshika kamba.

Nakala mia tatu zilikuwa zimeshagawiwa. Nikajiambia nitarekebisha toleo la pili. Na siku ile ya msiba, Rebeka, simu ilikuwa kwenye pochi yangu, ina chaji. Nilikaa kwenye benchi la waombolezaji nikaogopa kuonekana mwalimu asiyejua neno. Nimemnyima mama yako kaburi lake ili nisichekwe. Sina namna nyingine ya kulisema.

Jana nilikwenda kwa Athanas nikamsikilizisha. Alirudia mara mbili, akainuka akatoka nje. Aliporudi alisema ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe 22 na Mzee Thobias aitwe. Kuhusu kumhamisha mama hakuahidi kitu. Mimi nitasimama mbele yao niyaseme haya haya kwa mdomo wangu. Ukitaka kunitemea mate siku hiyo, sitajifuta.

Kuna kingine kwenye rekodi, mwishoni kabisa, nilichokiona ni soga za kuagana tu. Mama alinituma kwako. Alisema nikikuona nikuambie uache kujiandika Rebeka Ngusa kwa jina la babu yako, wewe ni mtoto wa ndoa, baba yako alikutolea jasho lake. Akasema hilo amelisema maisha yake yote, na watu wanasikia lingine.

Mbusu Loveness, na shemeji mwambie namsalimu. Sikuombi unijibu. Juu ya bahasha nimeandika Rebeka Mayala. Kama posta ya huko watasema hawamjui mtu huyo, tafadhali waambie ni wewe.

Ni mimi niliyekukosea,
Agnetha