Shina la Hoza

Mama,

Mwanao Elieza ameng'oa migomba. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukayasikia kwa wanaokufuata huko.

Usimlaani. Walimpunguza kazini kule kwenye mkonge, akarudi mlimani na mke, watoto na godoro. Siku hizi kila kitu ruksa: sukari tuliyoipangia foleni mimi nawe imejaa madukani, cha kuinunulia ndicho hakuna. Malori ya Dar yanapanda hadi kwetu kutafuta kabichi, na kabichi haistawi kivulini mwa migomba. Watoto wake walikuwa wanalala na uji mtupu. Ningesema nini?

Nilimwomba kitu kimoja tu, anisubiri nipande kutoka Tanga. Kitovu cha kila mtoto wako ulikizika chini ya mgomba wake, na habari za kuzaliwa kwetu hukukubali kabisa kuzisimulia mahali pengine. Hata uliponitembelea kwangu Usagara, huku Tanga, nikakubembeleza, ulinijibu, "Panda mlimani ukazisikie shinani kwako." Ukaidi wako huo, mama!

Basi tulizunguka shina kwa shina, watoto nyuma yetu. Shinani kwangu nikawaeleza jinsi ulivyoshikwa na uchungu huko kwenye kuni, ukanifunga kwa kaniki, ukarudi na mimi na mzigo wako kichwani vilevile, maana hukutaka mama mkwe aseme umerudi mikono mitupu. Walicheka sana. Elieza akasimulia ya kwake, akakosea, nikamsahihisha, akakataa kusahihishwa. Kila tulipomaliza, alichimba.

Kisha tukafika kwa Hoza, mtoto wako wa kwanza, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa.

Tulizoea kukuona pale umeinama ukipalilia, midomo ikicheza. Tukisogea, unanyamaza. Sasa watoto wakasimama wakingoja, na Elieza akanitazama mimi. Sijui alizaliwa wakati wa mvua au wa jua, sijui alikufa kwa nini, sijui kama aliwahi kucheka.

"Huyu, dada, hatuna lake," akasema Elieza. Halafu akainua jembe.

Nililia mbele ya watoto bila haya. Tangu tukuzike nilikuwa nakulilia wewe. Siku ile nilimlilia yeye, na nadhani kabla yangu hakuna aliyewahi kumlilia ila wewe.

Nilichukua chipukizi lake, nikalipanda uani kwangu Usagara. Joto la huku halilipendi, majani yanakauka kingoni. Huenda lisifike mbali. Lakini wanangu nikiwatajia wajomba zao naanza na Hoza, na wakiniuliza habari zake nawaambia alizijua mama yake peke yake. Nakuahidi sitaacha kumtaja, wala sitamtungia uongo.

Pumzika, mama. Na kama mko pamoja huko, msimulie yeye mwenyewe.

Binti yako