Mawe ya Kurasa

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimerudi kutoka Singida. Vumbi mpaka ndani ya saa. Kikohozi.

Siku tatu korongoni na Dakta Anaeli, anayesoma majani yaliyogeuka mawe. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia. Analifungua bamba la jiwe kwa patasi, ndani kuna jani, mishipa yote ipo, hata tundu alilotoboa mdudu. Kwanza anatazama ukingo. Kingo laini zikizidi, nchi ilikuwa ya joto. Zenye meno kama msumeno zikizidi, baridi. Majani mapana, mvua. Madogo, ukame. Ila jani moja peke yake halisemi kitu. Lazima uhesabu aina zote za tabaka moja. Mwaka wa tatu huu anahesabu, anatafuta mvua ilikata lini pale — miaka milioni arobaini na kitu iliyopita.

Anayelinda korongo ni Chiku, mwanamke wa kijiji cha jirani, mdogo kuliko binti yangu. Njia anaijua yeye. Mpishi ni yeye. Kila asubuhi: shikamoo mama. Marahaba, naitikia, macho kwenye daftari. Aliposikia nakohoa akanichemshia tangawizi bila kuombwa.

Dakta kaniomba jambo moja. Mahali pa korongo niandike Singida, nisiongeze. Nimekubali.

Alhamisi, 12 Juni

Makala imekwama kwenye neno. Mawe yanayofunguka vile yaitweje? Nikaenda kwa Abdulatif, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, anauza mawe ya kupamba kuta. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, kwa mwalimu mmoja. Mpaka leo ananiita Saadiya, hana habari ya Bi. Nikamwonyesha picha. Akazitazama muda mrefu. Akasema mafundi wake mawe ya aina hii wanayaita mawe ya kurasa.

Neno lenyewe hilo!

Akauliza Singida upande gani. Nikasema Singida tu. Akacheka: ninyi waandishi mnapelekwa na gari, mnarudishwa na gari, mkiulizwa mlikuwa wapi hamjui. Nikachukua kalamu, nikamchorea. Barabara, daraja, korongo la pili kushoto, kilomita nne na nusu. Miaka thelathini kazini, umbali sikosei.

Jumapili, 15 Juni

Makala imetoka, ukurasa wa saba. "Mawe ya kurasa" yamo kwenye kichwa cha habari. Mahali: Singida, basi. Ahadi nimetimiza.

Jumatano, 9 Julai

Anaeli kapiga saa nne asubuhi. Korongo limechimbwa. Lori na mitaimbo, siku mbili, yeye yuko chuo kikuu, Chiku yuko msibani kwa shangazi yake. Tabaka lililobaki kuhesabiwa limeondoka lote.

Chiku amesimamishwa kazi. Kijijini wanasema kauza. Watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi.

"Njia ya pale tunaijua watatu, dada," Anaeli kasema. "Mimi, wewe na Chiku. Na wewe hukuandika."

Nikampa pole. Halafu nikauliza: lori la rangi gani, namba ziliandikwa na nani, waliingia saa ngapi. Alijibu, mimi nikaandika. Mkono ulikuwa umetulia kabisa.

Ule mchoro.

Alhamisi, 10 Julai

Mawe yako pale dukani. Yamepangwa ukutani, yamepakwa vanishi. Yamepita kwenye mashine ili yawe mraba — na mashine imekata kingo za majani. Kile hasa kinachosomwa, kimebaki unga sakafuni.

Abdulatif alinikaribisha kwa furaha. Ana mteja Mbezi anataka sebule nzima. Nilipomweleza akakaa kitini. Akaapa hakuchimba yeye, kanunua kwa watu wa lori. Nikamuuliza watu wa lori walielekezwa na nani. Akapangusa unga kwenye bamba moja. Kisha:

"Saadiya, kwani mchoro nilikuibia? Uliniachia mezani."

Ijumaa, 11 Julai

Nimeandika ujumbe kwa Anaeli mara tano, nikafuta. Uliokwenda: mawe nimeyaona Kariakoo, njoo. Kila neno kweli. Ningekuwa mhariri ningeurudisha, ningeuliza: nani aliwaonyesha njia?

Jumamosi, 12 Julai

Kafika na treni ya asubuhi. Nilipanga kumwambia njiani. Msimbazi nikazungumzia foleni. Mkunguni nikazungumzia joto.

Dukani Abdulatif hakungoja maswali. Alitoa karatasi drooni, akaiweka mezani. Kule korongoni Anaeli alikaa siku tatu akiutazama mwandiko wangu. Hakuuliza ni wa nani. Aliuliza lini.

Tarehe kumi na mbili Juni, nikasema.

"Kwa hiyo Jumatano ulijua."

"Nilijua."

Hajafoka. Kapiga magoti, anageuza bamba moja moja, anatafuta lililosalimika ukingo. Yako kumi na moja mpaka sasa. Hayatafaa kwa hesabu, kasema, hayana tabaka tena, anayaokota tu. Bila kuinua kichwa akaniambia: Chiku mpigie wewe.

Nimetoka nje, nimekaa barazani. Mara ya kwanza nilikata kabla haijaita. Ya pili imepokelewa papo hapo.

"Shikamoo mama. Kikohozi kimepona?"

Jibu la shikamoo ni moja tu, mtoto wa miaka mitatu analijua. Nimelitoa maisha yangu yote bila kuinua macho. Leo halitoki.

Simu iko gotini. Naandika. Anasema, mama? Mama, unanisikia? Hajakata. Nami bado naandika —