Vibrafoni ya Mama Madirisha

9 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Unakula? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinua kioo. Karakana inaenda. Bado watu wananiita Mama Madirisha. Hata daktari wa meno aliniita hivyo juzi, nami mdomo wazi, nisiweze kumsahihisha.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Tangu tumzike mkeo, wifi yangu, mwaka juzi, ukafunga sanduku ukaenda huko kwenye ghala la barafu, nimeongea zaidi na mlio wa simu yako kuliko nilivyoongea na wewe. Barua haina haraka. Iweke chini ya mto, uisome utakapoweza.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi nilikuwa nakata bapa la alumini kwa mlango wa nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara. Likaniponyoka, likagonga sakafu. Halikupiga kelele, mdogo wangu, liliimba. Nilibaki nimeinama nikilisikiliza mpaka likanyamaza lenyewe. Nikakukumbuka pale hotelini, umesimama nyuma ya vibrafoni yao, ile marimba ya chuma, na wifi mbele yako anaimba amefumba macho. Hoteli ilipofungwa, chombo kile kiliondoka pamoja na viti na meza. Basi nimeamua kukutengenezea chako. Chuma ninacho, msumeno ninao. Niambie naanzia wapi.

Ni mimi dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata. Mimi mzima. Kazi ni kupanga maboksi ya nyama na samaki kwenye baridi, unaingia, unatoka, unaingia. Nakula.

Usitengeneze. Nashukuru, lakini usitengeneze. Sina hamu nacho wala sina chuki nacho. Ni kama kumuuliza mtu aliyelala kama anataka chai. Endelea na madirisha. Madirisha watu wanayahitaji.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu mkaidi,

Habari za huko? Huku kwema. Ulichosema nimekisikia, ila sikio halipiti kichwa, na kichwa ni mimi.

Nimeanza. Nilikata bapa refu, nikatoboa tundu miishoni kabisa, kama ninavyotoboa fremu, nikalikaza kwa skrubu juu ya mbao. Nikaligonga. Likasema "tok", kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi. Nikazidi kukaza. Likasema "tk". Fundi cherehani wa mlango wa pili akachungulia.

"Mama Madirisha, umevunja nini?"

Nikamwambia ni muziki.

"Aa," akasema, "basi pole."

Nadhani tatizo ni skrubu, zimekuwa ndogo. Kesho natoboa mabapa mengine yote kwa drili kubwa.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tafadhali weka drili chini.

Usitoboe miishoni! Na skrubu ondoa zote. Bamba likibanwa haliimbi, ni kama mtu aliyekabwa koo. Fanya hivi. Lilaze juu ya vipande viwili vya sponji, nyunyiza chumvi laini juu yake, kisha ligonge katikati, taratibu. Chumvi itatembea. Itakimbia sehemu zinazotetemeka, itajikusanya mistari miwili, mmoja kila upande, ndani kidogo ya mwisho. Hapo chuma kimetulia. Hapo ndipo utoboe, upitishe kamba, bamba lining'inie.

Sauti ikiwa juu mno, piga tupa upande wa chini, katikati. Ikiwa imeshuka mno, punguza chini ya miisho. Kidogo kidogo. Chuma kikishaondoka hakirudi.

Hii si ruhusa. Ni vile tu siwezi kukaa huku nikijua kuna bapa zuri linatobolewa vibaya.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya huko haijakugandisha. Mimi mzima, vidole tu vimechubuka kwa tupa.

Chumvi! Mbona hukuniambia siku zote hizo kwamba chuma kina akili? Nesi alikuja kuulizia mlango wake, akanikuta nimeinama nanyunyizia alumini chumvi. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, anapima homa. Nikagonga. Chumvi ikaanza kutembea yenyewe, ikajipanga mistari miwili kama watoto wa shule wakiitwa na kengele. Nesi akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Mlango hakuuulizia tena siku hiyo.

Mabamba yametimia yote. Niliyapima sauti kwa programu ya simu, na yaliyoniharibikia nimeyafanya vizuizi vya milango. Chini ya kila bamba nimening'iniza bomba la kukuza sauti, na juu ya bomba kisahani cha kuzungushwa na mota, kama ile ya hotelini. Shida ni mota yenyewe. Niliitoa kwenye feni, inakimbia mno, sauti inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Niipunguzeje?

Wifi aliwahi kuniambia mtetemo ule ndio uliomfundisha kutoharakisha wimbo. Huwa unamwongelea na mtu yeyote huko? Mimi namwongelea na fundi cherehani, maana ndiye aliyekuwa akimshonea. Jana tulikumbuka alivyokuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi. Tukacheka. Halafu kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Dada yako


28 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Kwenye mota funga gurudumu dogo. Kwenye mhimili wa visahani funga gurudumu kubwa. Yaunganishe kwa mkanda wa cherehani. Mwendo utashuka.

Hilo lingine uliloniuliza, hapana.

Wiki iliyopita boksi liliniangukia mguuni. Nilimaliza zamu. Nyumbani nilipovua soksi, ukucha ukabaki ndani ya soksi. Nikauangalia kama ukucha wa mtu mwingine, nikautupa, nikapasha chakula. Msimamizi ananisifu mbele ya watu, anasema mimi mvumilivu. Uvumilivu ni wa mtu anayeumia, dada. Mimi siumii. Nalala, naamka, napanga maboksi. Usiogope, si ugonjwa, na sina mpango wowote mbaya. Ni kimya tu.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu zako nyingi kutoka kwangu na kwa mtaa mzima. Barua yako ya mwisho sikuijibu. Nilipiga tupa badala ya kuandika.

Chombo kimekwisha. Fremu ni ya mbao ngumu za mlango ambao mteja aliukataa. Kanyagio linainua na kushusha ubao uliovishwa kitambaa kizito cha koti langu la zamani: ukikanyaga, sauti inaelea, ukiachia, inakatika. Vichwa vya vijiti alivizungushia uzi wa sufu fundi cherehani, akaviita "watoto wangu". Mota sasa inakwenda kwa adabu. Sauti, siwezi kuisema. Nilipiga bamba moja nikakaa chini.

Nilingoja useme unakuja lini. Hukusema. Nikakifunika shuka. Kila nikipita sebuleni nakiona kimelala chini ya shuka jeupe, kama maiti anayengoja watu wake. Asubuhi moja nikasema hapana. Nikalivuta lile shuka, nikakisukuma mpaka barazani mbele ya karakana, nikaweka vijiti juu. Anayetaka apige.

Na wanapiga. Mlinzi wa zahanati anagonga bamba moja tu, lile zito kuliko yote, kabla ya kuingia zamu. Anasema linamtosha. Fundi cherehani anakimbiza vijiti kama anashona sare za shule. Nesi anakuja kila jioni akivua koti la kazi. Anautafuta ule wimbo wa taratibu ambao wifi alikuwa akifungia nao usiku hotelini. Alikuja kuusikiliza mara nyingi enzi zile. Anaukosea, anarudi mwanzo, anaukosea tena palepale.

Dada yako


1 Oktoba

Dada,

Salamu leo sitoi.

Ulisema unakitengeneza kwa ajili yangu. Sasa umekitupa barazani kila mpita njia akigonge kama sufuria? Vumbi linaingia kwenye visahani, umefikiria hilo? Jua likiyapiga mabamba sauti inashuka, umefikiria hilo? Na huyo nesi anashika vijiti vipi, kama sindano? Wimbo ule nani kampa ruhusa? Anaujua nini huyo? Kuna watu walikaa kwenye meza zao wakiongea huku wimbo ule unaimbwa, leo ndio wanautafuta kwa vijiti!

Kirudishe ndani. Kifunike. Sikukuomba ukitengeneze.

Mdogo wako


12 Oktoba

Mdogo wangu,

Sijambo, na baada ya barua yako ndiyo sijambo zaidi. Nimeisoma nikiwa nacheka huku nafuta macho. Fundi cherehani akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia, "Mdogo wangu kanikasirikia."

"Na ndiyo unafurahi?"

"Ndiyo nafurahi."

Asante. Umenigombeza vizuri sana, kama zamani nilipokuwa nikivaa viatu vyako. Chombo sijakirudisha ndani. Kipo kivulini, nimekiwekea turubai kwa ajili ya vumbi, hilo ulisema kweli. Ila ndani sitakitia. Unataka kiingie, njoo ukiingize kwa mikono yako.

Dada yako


20 Desemba

Mdogo wangu,

Umefika salama? Nilirudi kutoka kwa muuza vioo nikakuta kitanda kimetandikwa, na wewe umekwenda. Si neno. Najua ulikuja, na hilo halitafutika.

Lakini nataka niyaandike nilivyoyaona, maana hatukuyaongea. Siku zote za likizo yako ulikipita chombo kile kama kabati la jirani. Ulitia mafuta kwenye mhimili wa visahani. Ulikaza kamba moja iliyolegea. Kupiga, hukupiga. Ndani pia hukukiingiza. Kula ulikuwa unakula, kuoga unaoga, ukiulizwa unajibu.

Jioni ile ya mwisho nesi akaja kama kawaida, akaanza wimbo wake, akafika pale pale, akakosea. Wewe ulikuwa bafuni. Nikasikia sauti inatoka huko:

"Si hiyo! Sauti nyembamba ya juu yake!"

"Ipi?" nesi akakujibu. "Zote nyembamba!"

Ukatoka na taulo begani, sabuni sikioni, ukachukua vijiti viwili, ukasimama ubavuni mwake. "Shika hivi. Usikibane, hakikimbii. Haya, anza tena." Akaanza. Nawe ukaingia chini yake, kwenye yale mabamba mazito. Mdogo wangu, mimi niliyakata mabamba yale, nayajua moja moja, lakini nilikuwa sijawahi kuyasikia. Watu wakasimama barabarani. Mlinzi akavua kofia.

Kisha ukamwashiria nesi aache kupiga. Ukabaki umekanyaga, sauti inaelea. Vijiti vyako viko juu. Ulikuwa unaangalia mbele yako, pale pasipokuwa na mtu. Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Wewe bado umesimama. Halafu ukaviweka vijiti chini, ukasema "Samahani", ukaingia ndani.

Sikukufuata. Sijui kama nilifanya vyema.

Nesi ananiuliza kila siku kama alikukosea. Nimwambie nini?

Dada yako


8 Januari

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga.

Mwambie nesi hakukosea kitu. Alianza vizuri.

Wimbo ule una utangulizi. Naupiga peke yangu, kisha nashikilia kanyagio, sauti inaelea, na hapo mke wangu anavuta pumzi anaingia. Miaka yote ile sikumpa ishara hata mara moja. Nilikuwa nangoja tu, naye anaingia. Siku nyingine alinichelewesha kwa makusudi. Watu wanageuka kwenye viti wakidhani tumesahau, kumbe ananitania, namwona mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Jioni ile nilingoja. Nikajisemea, leo ananichelewesha. Nikangoja tena. Sauti ikaisha. Hakuingia.

Dada, nilimwogesha mwenyewe siku zake za mwisho. Jeneza nililishika. Nilipokea pole za watu wote, nikagawa nguo zake, nikafunga chumba chetu nikarudisha ufunguo. Yote niliyafanya, na watu wakasema nimefanya kiume. Lakini nilikuwa sijajua. Nimejua pale barazani, sabuni ikinikauka sikioni, kwamba amekufa.

Nilipoingia ndani niliuma taulo ili msinisikie. Asubuhi niliondoka kwa sababu ungenitazama, na ungenitazama nisingeweza kuinua sanduku.

Sasa kazini mikono inaniuma kwa baridi. Nimeomba glavu nyingine. Msimamizi akashangaa, akasema baridi ni ile ile. Nikamwambia najua.

Fundi cherehani mpe salamu, na mlinzi. Chombo kibaki barazani. Nesi mwambie wimbo ule haukuishia pale. Una sehemu ya pili, na sasa anayeijua ni mimi peke yangu. Nimeomba likizo ya mwezi wa nne, nije nimfundishe. Sitaki aimbe, wala mtu mwingine asiimbe. Tutapiga utangulizi. Tukifika pale, tutaacha nafasi ya pumzi moja, ya kwake. Kisha tutaendelea.

Mdogo wako