Vizito Vitatu Ndani ya Klachi

Revelstoke,
18 Januari

Kwako kaka yangu Orest,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, na zikukute salama wewe, wifi Colleen na mapacha. Mimi mwili sijambo. Goti tu ndilo linalonisumbua baridi ikizidi, nami nimeshalizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Je, kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia? Na huko baharini kwenye mtambo wenu wa mafuta, mnaliona jua hata kidogo? Huku theluji imeanguka siku tisa mfululizo. Paa la karakana nimelipanda mara tatu wiki hii kulisafisha, na jirani yetu Gil Thibault amesema nikilipanda mara ya nne atakuja kuniondolea ngazi.

Barua yako ilifika siku ya mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe sita, nikiwa nakunja mchele na uyoga kwenye majani ya kabichi. Niliisoma nimesimama, mikono ina mchele, kisha nikanawa nikaisoma tena nimekaa. Umeniandikia maneno mazuri, kaka. Umenishukuru kwa kumtunza Baba katika majira yake ya mwisho ya baridi wewe ukiwa mbali, na zaidi umenishukuru kwa kumtengenezea pikipiki yake ya theluji. Umesema kama si mikono yangu, mzee angekufa bila kuionja tena theluji ya unga. Umeniuliza pia kwa nini baada ya safari ile alikwambia kwenye simu kwamba amekwisha. Jibu la barua hiyo nimelianza mara nne. Hili la tano nimeapa nitalimaliza.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana kwenye simu tulisemezana nusunusu.

Unakumbuka kwamba mwezi wa kumi na moja mwaka juzi daktari alimwambia Baba asipande tena mlimani. Moyo wake, alisema, unaweza kumtembeza hadi dukani na kumrudisha, lakini hauwezi kusimama juu ya pikipiki nzito kwenye theluji ya kiunoni, hewa nyepesi, na kuichimbua ikizama. Baba alimsikiliza kwa adabu kabisa. Tulipofika kwenye gari akaniambia kwamba daktari yule ni kijana mzuri, anafaa kuoa, na je, ile belti ya akiba ya pikipiki nimeiweka wapi.

Alitaka kwenda Begani, kule juu kwenye bega la mlima. Si kwingine. Umri wa miaka sabini na minane, na kila mwaka tangu ule wa 1975 alikuwa amefika pale juu walau mara moja, akazima mashine, akayatazama mabonde yote mawili, akala mkate wake, akashuka. Mwaka ambao Mama alikufa alikwenda. Mwaka aliovunjika mbavu alikwenda mwezi wa nne, mbavu zikiwa bado zinauma. Nilikupigia simu nikitumaini utanisaidia kumkataza, nawe ukaniambia, nayakumbuka maneno yako: "Lesia, usimkatalie mzee. Akifia kule, si ndiko anakopenda?" Ukasema mwandalie mashine vizuri umwache aende. Nikakuitikia ndiyo. Wewe ulikuwa umbali wa bara zima, kaka, nami ndiye niliyekuwa nikimsikia akihema kila akipanda ngazi.

Basi tukaanza kuiandaa. Wiki mbili tulikaa karakanani, yeye kwenye kigoda karibu na jiko, mimi chini. Ingawa kazi hiyo naifanya kwa watu mwaka wa ishirini na mbili sasa, alinielekeza kana kwamba ndiyo kwanza nimeshika spana. Tukaivua mashine magamba yake yote. Nikabadilisha plagi, nikakagua ule mkanda mkubwa wa mpira wa nyuma, jino moja moja, maana theluji ya unga haina huruma na meno yaliyoliwa. Zile skii mbili za mbele, miguu yake ya kutelezea, nikazisogeza karibukaribu ili mashine ilale upande kwa wepesi. Tukainua usukani vidole viwili, apate kuendesha amesimama bila kukunja mgongo. Kila tundu la kuvutia hewa nikalivalisha wavu mpya ili ule unga usiikabe injini. Baba akataka nipake mafuta ya silikoni chini ya mwili wote ili theluji isigande ikawa mzigo. Nikapaka. Akachungulia, akaniambia, "Umeruka pale nyuma. Au pale ni pa fundi mwingine?" Nikapaka tena.

Orest, zilikuwa wiki nzuri. Alikuwa anakula. Alinisimulia mambo ya Mama ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyomkataa mara mbili kwa sababu ya viatu vyake. Siku moja nilimwona anaifuta ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ile ya kujifunga kwenye koti, anaifuta kwa kitambaa cha miwani, polepole, huku anavuma wimbo. Kazi ya mwisho ilikuwa klachi. Hiyo niliifanya peke yangu, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, yeye amejilaza.

Jumamosi tarehe tano Januari tukaondoka watatu, Baba, mimi na Gil. Theluji mpya ilikuwa imefika juu ya mapaja, nyepesi kama pamba. Nilikuwa nimesoma taarifa ya maporomoko ya theluji asubuhi, njia yetu ilikuwa salama. Tukapimana vile vifaa vya kutafutana mtu akifukiwa na theluji, vyote vikaitika. Kwenye barabara ya msituni Baba alituongoza, mgongo umenyooka, nami nyuma yake nilisahau hata kuogopa.

Tulipoacha barabara na kuanza kupanda, mashine yake ikazama. Haikwenda hata mita mia mbili. Ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayekokota gunia, kisha ikakaa. Tukaichimbua mimi na Gil. Akajaribu kupitia upande wa misonobari, ikazama. Mara ya tatu alishuka mbali zaidi, akaja kwa kasi, amesimama sawasawa kama alivyotufundisha, uzito wake wote upande wa mlima. Ikapanda zaidi kidogo kuliko mwanzo, ikazama pia. Gil alikuwa anatokwa jasho. Akasema kwa mzaha, "Nestor, hii mashine imechoka kuliko mimi. Nani kaitengeneza?"

Baba akavua kofia yake ngumu. Miwani ilikuwa imejaa ukungu. Akajibu, "Kaitengeneza binti yangu. Mashine haina neno. Kilichoharibika kimekaa juu ya kiti."

Gil akacheka. Mimi sikucheka. Baba akakaa ubavuni mwa pikipiki, akatoa mkate wake, akala nusu, akawa anatazama juu kule Begani. Palionekana vizuri siku ile, Orest, palikuwa karibu kabisa. Kisha akafunga ule mkate uliobaki akasema twendeni nyumbani.

Jioni ile alitundika suti yake ya theluji, na wiki iliyofuata kofia, glavu na buti akavipeleka kanisani kwa mnada wa akina mama. Karakanani hakuja tena. Alikaa kwenye kile kiti cha dirishani sebuleni, dirisha linalotazama barabara, si lile linalotazama mlima. Nikimwita aje anisaidie kazi alisema mikono yake itanichelewesha. Mara moja, mwezi wa pili, nikiwa namwekea supu, alinishika mkono akasema, "Samahani, mwanangu. Nimekupotezea wiki mbili za kazi kwa sababu ya kiburi cha mzee." Nilirudi jikoni nikafungua maji ya bomba yatiririke, asinisikie.

Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tatu, asubuhi, nilimkuta kwenye kiti hichohicho, chai imepoa. Hayo mengine unayajua, ulikuja kuzika.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakizunguka.

Ndani ya klachi ya mbele mna vizito vitatu vidogo. Wewe mwenyewe ulishavishika, Baba alitufundisha tukiwa watoto. Ukipanda juu, hewa inapungua na nguvu ya injini inapungua, kwa hiyo unavitoa vile vizito na kuweka vyepesi, la sivyo injini haifikii mizunguko yake na mashine inakufa kwenye theluji ya unga. Alhamisi ile, Baba amelala, niliifungua klachi yake. Vyepesi vilikuwa vimeshafungwa, yeye mwenyewe alikuwa ameniagiza siku mbili kabla nami nikamtii. Nikavitoa. Nikaweka vile vizito vya kuendeshea bondeni, na kati ya hivyo nikachagua vilivyo na uzito kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikafunga. Nikafuta alama za vidole vyangu.

Nilijua hatagundua. Sikio moja ngurumo ya misumeno ya kukatia magogo ilikuwa imelimaliza, jingine limo ndani ya kofia. Na ule mshale wa mizunguko hawezi kuusoma miwani ikiwa na ukungu. Nilichokifikiria ni kwamba mashine itamkatalia mapema, pale chini, atakasirika siku mbili, na atakuwa hai. Kumkatalia mimi kwa mdomo wangu sikuweza. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama usoni nikamwambia hapana, basi nikaiachia mashine imwambie. Sikufikiria kwamba hataishuku mashine hata kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyeifunga. Angekuwa amepewa na fundi mwingine yeyote angeifungua palepale kwenye theluji, mikono mitupu. Kwa kuwa ni mimi, akajishuku mwenyewe.

Nilimpatia wiki kumi na moja, Orest. Zote akazikaa kwenye kiti.

Jumapili iliyopita niliitoa pikipiki yake, nikarudisha vizito vyepesi, nikamwomba Gil anisindikize. Theluji ilikuwa kama ya siku ile, pengine imezidi. Nilianzia palepale alipoanzia. Mashine ilipanda bila kusita, sikuhitaji hata kuifungulia mafuta yote, mimi mwenye goti bovu na nisiyemkaribia Baba kwa uendeshaji. Tulifika Begani kabla ya saa tano asubuhi. Nikazima. Gil akaja akasimama kando yangu, akaitazama mashine muda mrefu, akaniuliza kama ni ileile. Nikamwambia ni ileile, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba Baba angefika, na kwamba maneno hayo nimeyapeleka kwa mtu asiyehusika, niyapeleke kwa kaka yangu.

Labda moyo ungesimama njiani. Labda tungemshusha amelala juu ya machela, ukanililia kwenye simu, na leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine ya kujilaumu. Hilo nimelipima kila upande na sioni mwisho wake. Ninachokijua ni kwamba njia ilikuwa imefunguka, mzee alikuwa na uwezo, na alikufa akiamini hana.

Sikuombi unisamehe, hiyo ni haki yako, uitoe au uizuie, nami nitakaa nayo vyovyote itakavyokuwa. Ombi langu ni moja tu, kwamba usinishukuru tena kwa ajili ya pikipiki ile.

Wifi Colleen mpe salamu, na umwambie zile soksi za sufu zimenitosha barabara. Mapacha wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Gil naye anakusalimu. Ukipenda kuniandikia, niandikie. Ukichelewa, nitajua ni kwa nini, wala sitahesabu siku.

Ni mimi mdogo wako,
Lesia