Filimbi Ililia, Wakasimama

Sakina,
Arusha.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Lesian,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Wifi na watoto wanaendeleaje, na kifua cha Silantoi kimepona? Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini sauti inanikatika; barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu uipate leo.

Ile kazi niliyopata ni ya kuandaa mafunzo ya tahadhari ya mafuriko kwa watu wa korongoni kwetu. Kazi yenyewe huenda kwa hatua: unachunguza wanahitaji nini, unasanifu somo, unaandaa vifaa, unafundisha, kisha unapima. Na kila hatua unawarudia wenyewe, wakuambie ulipokosea.

Baada ya mafunzo, maswali ya kuwapima waliyajibu vizuri. Lakini tulipopuliza filimbi ya majaribio, wengi walibaki wamesimama. Nikamuuliza Anyesi, yule jirani wa mama kule kitongoji cha chini, mbona hakukimbia.

"Nilikuwa namsubiri mwenyekiti atangulie," akasema.

Mwenyekiti wa kitongoji naye alikuwa anatusubiri sisi wakufunzi.

Nikamwomba mkuu wangu, Arnold, turudi kwenye kusanifu, kila nyumba iwe na mtu wa kuwatoa wenzake. Akanijibu, "Naisula, wamefaulu. Andika ripoti, tufunge." Sikuandika. Nilichukua likizo nikaanza upya na kitongoji cha juu. Cha chini kilikuwa kifuate wiki hii.

Alhamisi maji yakashuka kutoka mlimani, meusi, yamebeba mawe na magogo. Filimbi ikalia. Wa juu walipanda kilimani wote, wazee wakiwa mgongoni. Wa chini walitoka nje wakasimama, wakitazamana. Anyesi tulimpata jana kwenye migomba, mbali na kwake. Tunamzika keshokutwa.

Sasa Arnold anasema nifundishe ninavyotaka. Nimeshaanza, lakini watu wananisikiliza huku wakitazama mlima.

Mama alinusurika kwa sababu alikuwa sokoni Kwa Mrombo. Amerudi nyumbani, anakokota matope kwa jembe. Nimemsihi aje kwangu, anasema hawezi kumwacha baba peke yake kaburini. Wewe ndiye kifungua mimba wake, neno lako halikatai. Njoo umtoe, kaka. Usingoje mazishi. Tangu asubuhi Meru hauonekani, na huko juu kunanguruma bila kupumzika.

Nisalimie wifi, Silantoi na Gadiel. Mungu awafunike huko mliko, na akufungulie njia ufike mapema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Naisula