Neno Alilolisema Bibi Kwenye Lango la Mlimani

Jumamosi, Jeddah. Joto la unyevunyevu, nguo zimenigandia mwilini tangu asubuhi.

Sijui nianzie wapi.

Juzi tulitoka Suwaidi, Riyadh, kwa gari, kuja huku Nuzha kwa dada yake madam. Nilikaa nyuma na Bibi, mama mzazi wa madam. Huu mwaka wa pili namtunza. Kabla hatujaanza kuteremka milima Bibi akashikwa na kichefuchefu, bosi, mume wa madam, akasimamisha gari karibu na ngome ya zamani. Kuta nene za mawe zimeziba njia ya mlimani, na katikati kuna lango jembamba la kupita ngamia mmoja mmoja. Bosi alisema zilijengwa kuzuia wavamizi.

Bibi alikataa kiti cha magurudumu. Alinishika mkono tukajikongoja hadi langoni, akaweka kiganja ukutani.

"Mama yangu alipitishwa hapa akiwa mtoto," akasema kwa Kiarabu. "Walimtoa kwenu, ng'ambo ya bahari, wakamuuza. Alikuwa akilia, mwenzake akamwambia, nyamaza."

Nyamaza. Hilo alilisema kwa Kiswahili, akalitamka kama mtu wa kwetu Voi.



Nilipomweleza madam, hakunitazama. "Halas, yaishe. Amezeeka, anachanganya mambo. Hilo neno alifunzwa na yule Mkenya wa kabla yako."

Lakini siku niliyofika, madam huyohuyo aliniambia mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kufanya kazi kwake. Alisahau, au ananificha?

Na mimi nina la kukiri. Bibi namwogesha kwa moyo mzito. Mwaka jana alinichapa bakora kwa sababu ya chai iliyopoa, nikamlaani kimoyomoyo. Sasa nimwoneje? Kama mama yake aliuzwa, mbona alinipiga? Kama ni mtu wetu, mbona kaninyamazia muda wote huu?

Namhurumia. Bado nina hasira naye. Vyote viwili, saa ileile.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na nimeshakataa kuongeza. Nikiondoka, hakuna atakayemuuliza tena. Hapa nyumbani wote wanamwambia apumzike.

Kesho asubuhi madam na dada yake wanaenda sokoni. Tutabaki mimi na Bibi peke yetu.

Nitamuuliza mama yake aliitwa nani. Nitamuuliza kwa Kiswahili.